Ari, Motisha na Hamasa: Juu ya Istilahi Moja ya Uongozi Kazini

Miongoni mwa istilahi za uongozi wa watu kazini zilizoingia katika Kiswahili bila kupimwa vya kutosha, hakuna iliyoleta mkanganyiko mkubwa kama motisha, neno ambalo vitabu vya utawala hulibebesha dhana mbili zisizofanana, yaani kile anachopewa mfanyakazi ili afanye bidii, na ile nguvu iliyomo ndani yake mwenyewe imfanyayo ajitume hata pale asiposimamiwa na mtu. Waliolipitisha, ambao staha hairuhusu watajwe, yaelekea waliridhishwa na mlio wake, wakasahau kuuliza linataja nini.

Kwa umbo, motisha ni neno la Kiingereza lililokatwa mkia na kupachikwa irabu, na mkato huo ukaangukia kwenye silabi -sha, ambayo katika Kiswahili ni sauti ya usababishi, kama katika chekesha, kausha na rudisha. Ndipo kikazuka kitenzi kumotisha, ambacho kikivuliwa tamati hiyo hakibakizi mzizi wowote, isipokuwa kwa mtu aliye tayari kudai kwamba asili yake ni mota ya kusukuma maji. Hata hivyo wazungumzaji, ambao katika jambo hili wameonyesha busara kuliko wanakamati, wamekwisha kulipa neno hilo makao yake: mwalimu wa Tanzania anayelalamika kwamba hapati motisha anazungumzia posho, nyumba na kupandishwa daraja, na mfanyakazi hodari anayekabidhiwa bahasha siku ya Mei Mosi amepewa motisha, yaani kivutio kitokacho nje yake.

Kundi la pili hupendelea hamasa, na kwa kazi ya meneja hutumia uhamasishaji. Hamasa ni neno la Kiarabu lenye maana ya ushujaa na mori wa vita, na ndilo jina la diwani mashuhuri iliyokusanywa na Abu Tammam katika karne ya 9, ambayo mlango wake wa kwanza ni wa mashairi ya mapambano. Kiswahili kimelihifadhi joto hilo, ndiyo maana huhamasishwa umati, kwa ngoma na vipaza sauti, ili ukachanjwe au ukapige kura. Bali mhasibu anayefunga hesabu za mwezi peke yake ofisini hahitaji mori wa aina hiyo, na huenda ukamharibia hesabu.

Neno linalostahili kutaja ile nguvu ya ndani ni ari, nalo lilikuwapo kabla kamati hazijaundwa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya fedheha, litokanalo na mzizi uleule unaozaa kitenzi cha kumsuta mtu na kumtia aibuni. Inafaa kulilinganisha na aibu, ambalo pia lilitoka Uarabuni: aibu ilibaki ikitaja doa lenyewe, ilhali ari ilivuka kutoka kwenye fedheha hadi kwenye msukumo unaozaliwa na kuikataa fedheha hiyo, yaani azma ya mtu ya kutokubali kushindwa wala kudunishwa, karibu na jirani yake ghera. Kwa hiyo neno hili lina ndani yake nadharia nzima ya kwa nini watu hufanya kazi, jambo ambalo motisha haitaliweza hata ikiandikiwa fasili ya kurasa kumi. Pendekezo la kulitumia lilipofikishwa kwa wahusika lilijibiwa kwa barua fupi kwamba ari ni neno la kawaida mno, kana kwamba istilahi sharti iwe ngeni kwa wenye lugha.

Tofauti hii kati ya motisha na ari ina msingi pia katika taaluma yenyewe ya uongozi. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, wakaonyesha kwamba mambo yanayomchukiza mtu kazini, kama vile sera za kampuni, usimamizi mbaya na mshahara, ni tofauti na yale yanayomridhisha, ambayo ni mafanikio, kutambuliwa, wajibu na kazi yenyewe, kwa hiyo kuyaondoa ya kwanza hutuliza manung'uniko bila kuzaa ari. Katika makala ya mwaka 1968 aliongeza kwamba apigaye teke hakika husogeza, lakini mwenye nia hapo ni mpigaji, hoja ambayo kila aliyewahi kufanya kazi chini ya mnyapara ataielewa bila mkalimani.

Ushahidi wa Tanzania una uzito zaidi. Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulimkataza kiongozi, katika ibara ya 15, kuwa na majivuno na kudharau au kuonea watu, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma wakiitaja ibara hiyo, si kwa ajili ya mishahara tu bali kwa sababu ya matusi na dharau za mameneja, kama alivyoeleza Issa Shivji katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mapambano ya kitabaka nchini. Watu hao walikuwa na ari katika maana yake kamili, nayo haikupungua. Ilielekezwa dhidi ya aliyeitia doa.

Wapo wanaodai kwamba ari ilichakazwa na kaulimbiu ya Jakaya Kikwete alipowania urais wa Tanzania mwaka 2005, Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya. Hoja hiyo ikikubaliwa, walimu wa fizikia nao watalazimika kutafuta mbadala wa nguvu na kasi.

Kuhusu matumizi, inatosha kusema kwamba motisha ibaki kwa posho, zawadi na vyeo, hamasa kwa mikutano, na ari kwa mfanyakazi mwenyewe, ambaye hutiwa ari au huvunjwa ari. Neno mtiaari, lililobuniwa na hasimu mmoja kwa nia ya kudhihaki pendekezo hili, halihitajiki, kwa kuwa mwenye kazi hiyo tayari anaitwa msimamizi.