Baba mkubwa hakupewa kadi

Harusi za hapa mjini zina kadi za aina mbili, singo na dabo. Anayechangia kidogo anapata singo, anayejitutumua anapata dabo na anakuja na mwenzi wake. Ndivyo kamati zinavyosema. Lakini kila aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua kuna kadi za singo ambazo hazihusiani na mchango hata kidogo. Mtu katoa laki yake kamili, ana mke wa ndoa, halafu analetewa singo. Huo ni ujumbe, tena umeandikwa kwa dhahabu na kufungwa utepe.

Nayaandika haya kwa sababu hivi sasa mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya rafiki yangu tunayefanya naye kazi, na kuna kadi moja haijaandikwa. Ni ya jamaa aliyeishi naye chumba kimoja pale Mlimani kwa miaka mitatu. Jamaa mwenyewe hana tatizo na mtu. Tatizo ni shemeji. Mama wa bwana harusi hamtaki, mashangazi hawamtaki. Sababu zenyewe ni zile zile mnazozijua: kamzidi mumewe umri, aliwahi kuolewa kabla, na ana ulimi. Mama kasema mbele ya kikao, "Katibu mwanangu, yule akiingia ukumbini mimi natoka." Wajumbe wakaangalia dari.

Badala ya kuendelea kubishana nikaenda kusoma habari za harusi moja ya tarehe 20 Novemba 1947, pale Westminster Abbey, London. Binti Elizabeth wa miaka 21, mrithi wa kiti cha Mfalme George wa Sita, aliolewa na Philip Mountbatten. Wageni walikuwa kama 2,000. Zawadi zilipita 2,500. Redio ya BBC ilirusha sherehe hiyo na inakadiriwa watu milioni 200 duniani waliisikiliza. Uingereza yenyewe ilikuwa taabani baada ya vita, nguo zilikuwa za mgao, na bibi harusi naye alihesabiwa kuponi za gauni kama raia wengine, ingawa serikali ilimwongezea. Wanawake wengi walimtumia kuponi zao. Zikarudishwa zote, maana kumpa mtu kuponi yako lilikuwa kosa kisheria.

Walikuja wafalme wenye nchi na wafalme waliofukuzwa nchi. Hakuonekana kaka mkubwa wa baba wa bibi harusi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapolifanya jambo liwe zito kuliko linavyosomeka katika vitabu vya Kiingereza. Wao wanamwita "uncle" tu, neno linalotosha hata kwa rafiki wa baba. Kwetu Edward ni baba mkubwa. Baba mkubwa huombwa ruhusa. Hukaa mbele mahari inapohesabiwa, na baba mzazi asipokuwepo yeye ndiye anayesimama. Sasa hebu fikiria harusi ya binti ambayo baba mkubwa yu hai, mzima wa afya, ana miaka 53, na hajapewa kadi ya aina yoyote.

Wengi mnaijua sababu. Edward alikuwa mfalme kwa miezi kumi na kidogo mwaka 1936. Alitaka kumwoa Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa ameachana na mume wa kwanza na alikuwa katika kesi ya kuachana na wa pili. Mfalme wa Uingereza ni mkuu wa kanisa la nchi hiyo, na kanisa hilo wakati ule halikumfungisha ndoa mtalaka ambaye mume wake wa zamani yu hai. Waziri Mkuu Stanley Baldwin akakataa, na serikali za makoloni makubwa yaliyojitawala nazo zikakataa hata pendekezo kwamba awe mke bila kuwa malkia. Tarehe 10 Desemba 1936 Edward alitia sahihi ya kuachia kiti. Kesho yake akaongea redioni, akasema hawezi kuubeba mzigo ule bila msaada wa mwanamke anayempenda. Mdogo wake, mtu mwenye aibu na kigugumizi, akatwishwa ufalme ambao hakuuomba.

Ndoa ilifungwa Ufaransa tarehe 3 Juni 1937. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa baba yao, marehemu George wa Tano, na mama yao Malkia Mary hakuipokea vizuri. Hakuna ndugu hata mmoja aliyekwenda. Siku chache kabla, mfalme mpya alikuwa ametoa hati rasmi kwamba kaka yake abaki na heshima ya kuitwa Mtukufu, lakini mke asiitwe hivyo. Yaani serikali nzima ilikaa, ikapiga muhuri, ikatoa singo. Edward hakulisamehe jambo hilo mpaka anakufa.

Lakini habari ya ndugu imeandikwa mpaka imechosha. Mimi nilivutiwa na habari ya rafiki.

Louis Mountbatten na Edward walikuwa kama hawa wawili wa Mlimani. Mwaka 1920 walisafiri pamoja kwa meli hadi Australia na New Zealand, kisha wakaenda India na Japani. Mwaka 1922, wakiwa kwenye ziara hiyo, Mountbatten alimchumbia Edwina pale Delhi. Julai mwaka huo wakafunga ndoa London, na aliyesimama pembeni ya bwana harusi kama msimamizi alikuwa Edward mwenyewe, mrithi wa kiti. Miaka 15 baadaye zamu ya Edward ilipofika kule Ufaransa, Mountbatten hakuwepo. Akasimamia mtu mwingine, Meja Metcalfe.

Sasa rudi 1947. Bwana harusi Philip, mama yake ni dada wa Mountbatten. Kwa hesabu yetu Mountbatten ni mjomba wa bwana harusi. Kwa hiyo mjomba wa bwana harusi na baba mkubwa wa bibi harusi ni watu ambao mmoja alimsimamia mwenzake ndoa! Katika familia ya kawaida hao wawili ndio wangekuwa wenyeviti wa kamati, wangelewa pamoja na kusimuliana mambo ya 1922 mpaka watu wachoke. Mountbatten wakati ule alikuwa Gavana Mkuu wa India, nchi iliyokuwa imegawanyika miezi mitatu tu iliyopita na watu wakiendelea kuuawa. Bado alipanda ndege akaja, na mkononi akabeba zawadi ya Gandhi, kitambaa cha pamba alichosokota uzi wake Gandhi mwenyewe. (Malkia Mary alidhani ni kikoi cha kujifunga kiunoni, akachukia. Bibi yule alikuwa na kazi ya kuchukia.) Rafiki wa zamani wa mjomba akabaki nje ya orodha.

Na Philip naye alikuwa na kidonda chake, ingawa hiki hakitajwi sana. Dada zake watatu waliokuwa hai hawakualikwa, kwa sababu waume zao walikuwa Wajerumani na vita ilikuwa imeisha miaka miwili tu. Mmoja wao, Sophie, mume wake wa kwanza alikuwa ofisa wa SS na alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1943. Mama yao, Alice, aliyeificha familia ya Kiyahudi nyumbani kwake Athens wakati wa Wanazi, alikuwepo kanisani. Dada watatu wakabaki Ujerumani. Kwa hiyo ndani ya harusi moja pande zote mbili zilikuwa na watu waliokatwa kwa sababu ya wenzi wao. Kwa hawa nawaelewa waandaaji zaidi. Huwezi kumwambia mama wa London aliyefukiwa na bomu kwamba mke wa Mjerumani amekaa safu ya mbele. Na Edward naye alikuwa amejichafua katika jambo hilo, maana Oktoba 1937 yeye na mkewe walikwenda Ujerumani wakapigwa picha na Hitler. Tusimfanye malaika.

Hata hivyo marufuku dhidi ya Wallis ilianza kabla ya picha ile. Chuki ya mama mkwe na ya mke wa shemeji ilitangulia, na Hitler akaja kuwa ushahidi wa ziada. Ukikaa kwenye kamati unaujua mtindo huu: mtu anachukiwa kwanza, halafu sababu zinatafutwa, na ikipatikana moja nzuri zile mbaya zinasahaulika.

Dada wa mfalme, Binti Mary, hakwenda kanisani siku ile. Taarifa ilisema anaumwa. Wengi waliamini anaumwa kwa ajili ya kaka yake.

Nilipokuwa nasoma haya nikakutana na sisi wenyewe humo ndani. Katibu binafsi wa Mfalme mwaka 1947 alikuwa Alan Lascelles. Huyu bwana alikuwa msaidizi wa Edward mwaka 1928, na Novemba mwaka huo walikuwa hapa Tanganyika kwa safari ya uwindaji. Wakiwa Dodoma zikafika simu za maandishi kwamba baba yake, George wa Tano, yuko mahututi. Lascelles aliandika baadaye kwamba Edward aliona ni ujanja wa kisiasa wa Baldwin na hakutaka kukatisha safari. Mwishoni alikubali, akapandia meli ya kivita Dar es Salaam kurudi kwao. Mapema mwaka uliofuata Lascelles akaacha kazi kwake. Miaka 19 baadaye, orodha ya harusi ilipopangwa, aliyekaa mlangoni mwa Mfalme ni mtu aliyekuwa na neno lake na Edward tangu Dodoma.

Halafu kuna zawadi. Mwezi mmoja kabla ya harusi, pale Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi wa Mkanada John Williamson, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson akaitoa kwa Elizabeth kama zawadi ya harusi. Ilikatwa mwaka uliofuata ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Serikali ya koloni la Kenya nayo ikatoa nyumba, Sagana, upande wa Nyeri. Kwa hiyo jiwe la Usukuma na ardhi ya Wakikuyu vilikuwa na nafasi kwenye harusi ile kuliko baba mkubwa. Sijui hata nicheke au nini.

Kikao kilichofuata niliwaeleza wajumbe habari hii, kwa ufupi kuliko hapa. Msimamo wangu niliusema wazi: mume wa mtu hapewi singo. Ama dabo, ama asialikwe kabisa na bwana harusi amwendee mwenyewe amwambie usoni kwa nini. Mjumbe mmoja akasema nawafananisha na Waingereza. Mwenyekiti akauliza kama Malkia Mary aliwahi kumsamehe yule mkwe. Hapana. Alikufa Machi 1953 bila kumpokea nyumbani kwake. Mama wa bwana harusi alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na huyo mwanamke, walidumu?"

Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kikao kile. Walidumu. Wale waliosema ndoa haifiki mwaka walisubiri miaka 35. Edward alirudi Uingereza Februari 1952 kumzika mdogo wake, peke yake, kadi ya singo. (Elizabeth aliupata msiba huo akiwa Sagana, kwenye ile ile nyumba ya zawadi.) Alirudi tena peke yake kumzika mama yake. Mpwa wake alipotawazwa Juni 1953, alitazama kwenye televisheni akiwa Paris. Dada zake Philip mwaka huo walialikwa, na waume zao. Kidonda cha vita kilipata miaka minane tu kikafungwa. Wallis, ambaye hakuwa ameua mtu, alisubiri mpaka Juni 1967 ndipo akaalikwa rasmi pamoja na mumewe kwenye shughuli ya familia. Shughuli yenyewe ilikuwa kuzindua kibao cha kumbukumbu ya Malkia Mary!

Mei 1972 Elizabeth akiwa ziarani Ufaransa alikwenda kumwona baba mkubwa nyumbani kwake. Siku kumi baadaye, tarehe 28, Edward akafariki kwa saratani. Mjane akapanda ndege kwenda London. Aliyekwenda kumpokea uwanjani ni Mountbatten, yule yule ambaye hakutokea mwaka 1937. Akalala Buckingham, nyumba aliyofungiwa mlango maisha yake yote ya ndoa. Alikuwa na miaka 75. Tarehe 3 Juni, ambayo ingekuwa siku ya kutimiza miaka 35 ya ndoa yao, alikuwa mgeni humo ndani na mumewe akisubiri kuzikwa tarehe tano.

Yeye mwenyewe alikufa Paris Aprili 1986. Walimleta Windsor, wakamzika Frogmore kwenye makaburi ya familia, pembeni ya mumewe.