Gharama ya Kusimama: Mkokoteni, Bodaboda na Haki ya Kupita Kariakoo

Mjadala kuhusu mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, kwa muda mrefu umezunguka swali moja: nani aondolewe? Oktoba 2021 waliondolewa wamachinga waliopanga bidhaa zao barabarani na pembeni mwake. Bodaboda na bajaji zimepigwa marufuku mara kadhaa kuingia katikati ya jiji, kisha zikarudi. Mikokoteni nayo hunyooshewa kidole kila foleni inapozidi. Swali hilo halifai, kwa sababu mtaa wa soko hauna mtumiaji anayeweza kutolewa bila biashara yenyewe kutetereka. Linalohitaji jibu ni nani ampishe nani.

Ninachodai katika makala hii ni kwamba haki ya kupita ifuate gharama ya kusimama. Chombo ambacho kusimama na kuondoka tena kunakigharimu sana kipishwe na kile ambacho kunakigharimu kidogo. Kwa kigezo hiki basi la mwendokasi lililojaa abiria linatangulia, mkokoteni wenye mzigo unafuata, na pikipiki na gari dogo vinakuja mwisho. Mpangilio huo ni kinyume kabisa na tunachokiona kila siku, ambapo mwenye injini na honi ndiye anayepishwa.

Tuutazame mkokoteni kwa karibu. Ni jukwaa la mbao lililofungwa juu ya ekseli ya gari kuukuu, magurudumu mawili, na mipini miwili mbele. Mtu mmoja huingia katikati ya mipini, mwenzake husukuma kwa nyuma. Juu kuna marobota ya mitumba, majora ya vitambaa, au katoni za vyombo vya plastiki zilizopangwa mpaka zinampita mvutaji kimo. Hakuna breki ya kukanyaga. Akitaka kupunguza mwendo huinua mipini juu mpaka mkia uburuze kwenye lami. Kuondoka tena ndiyo kazi kubwa: huinama mpaka uso unakaribia magoti, mishipa ya shingo imesimama, mwenzake ameegemeza bega kwenye mzigo, na gurudumu likiwa limedumbukia kashimoni hujaribu mara mbili au tatu kabla halijazunguka. Mwendesha bodaboda aliyekatiza mbele yake amefanya mambo mawili tu: mguu kwenye breki, kisha mkono kwenye mafuta. Hasara ya sekunde chache kwa huyu ni jasho la dakika kadhaa kwa yule, na siku nzima ya kazi imejaa makatizo kama hayo.

Sheria zetu hazikuupa tofauti hii nafasi ya kutosha. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa zaidi kwa ajili ya magari. Mwaka 2010 zikaja kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na tangu 2019 LATRA ndiyo mdhibiti wa usafiri wa ardhini. Hatua hizo zilikuwa za lazima. Lakini zimemfanya mwenye injini awe na mahali pa kusajiliwa, chama cha kumsemea na ofisi ya kulalamikia, huku mvuta mkokoteni akikutana na mamlaka hasa pale mgambo wanapomfukuza.

Historia ya mitaa yenyewe inaeleza kwa nini mgongano umekuwa mkali. Mitaa iliyonyooka na kukatana kwa mraba ilipangwa na Wajerumani miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa ajili ya nyumba za Kiswahili zisizo na ghorofa na watu waendao kwa miguu. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, Waafrika waliobeba mizigo ya vita hiyo vichwani na mabegani, na wengi mno kati yao hawakurudi makwao. Jengo la soko alilolichora msanifu majengo Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Leo maghorofa yenye maduka na stoo yamejaa pale palipokuwa na nyumba za vyumba sita, na wanunuzi wanatoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Mzigo umeongezeka mara nyingi, upana wa Mtaa wa Kongo umebaki vilevile. Tangu Mei 2016 Mtaa wa Msimbazi una njia maalumu za mwendokasi katikati yake. Njia hizo naziunga mkono bila kusita, ila zimesukuma kila chombo kingine kwenye vipande vyembamba vya pembeni, na bodaboda zinazokimbia wembamba huo huingia kwenye njia za mabasi, wakati mwingine kwa gharama ya maisha.

Jambo hili halituhusu sisi peke yetu. Goma, mashariki mwa Kongo, ambako chukudu, skuta kubwa ya mbao isiyo na injini wala pedali, hubeba makaa na viazi katikati ya msururu wa pikipiki, mji umeijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Alaska, kwenye theluji, njia zinatumiwa kwa pamoja na mbwa wanaokokota sleji na pikipiki za theluji. Joe Redington alianzisha mashindano ya mbwa wa sleji ya Iditarod mwaka 1973, zaidi ya kilomita 1,600 hadi mji wa Nome, kwa hofu kwamba mashine zilikuwa zikiwafuta mbwa vijijini. Hata hivyo njia ya mashindano hayohayo hushindiliwa kwanza na pikipiki za theluji. Bila mashine, mbwa wangezama. Machi 2016, karibu na Nulato, mwendesha mashine alizivamia timu mbili za mbwa na mbwa mmoja akafa. Desturi ya waungwana wa kule ni kwamba mashine hujiweka pembeni na kuwapisha mbwa, kwa kuwa kundi la mbwa waliofungwa kamba halirudi nyuma wala halisimami kwa urahisi. Kariakoo nako kutegemeana ni kulekule: kontena na fuso ndizo zinazoleta mzigo, mkokoteni ndio unaoumalizia safari mahali ambapo fuso haiwezi kugeuza.

Wapo wanaosema mkokoteni ni aibu ya jiji na mahali pake pachukuliwe na toyo, yaani pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mizigo. Toyo zipo tayari, na zinafaa kwa safari ndefu. Lakini mita 200 za mwisho, katikati ya wanunuzi wanaogusana mabega, injini haina faida yoyote juu ya misuli. Inaongeza moshi na joto tu. Na foleni ambayo lawama zake hutupiwa mkokoteni mara nyingi chanzo chake ni lori lililoegeshwa likishusha mzigo mchana kutwa.

Pingamizi lenye uzito ni la mwenda kwa miguu. Yeye kusimama hakumgharimu kitu, je, apishe vyombo vyote? Hapana. Kigezo changu ni cha kupanga vyombo. Mtembea kwa miguu analindwa na kanuni iliyo juu yake, ya uhai. Mpini wa mkokoteni unaweza kuvunja mbavu za mama aliyebeba mtoto mgongoni. Kwa hiyo anayepewa haki ya kupita mbele ya pikipiki lazima akubali mipaka: kimo cha mzigo kinachomwezesha anayesukuma nyuma kuona mbele, mwendo wa mtu, na sauti ya kuonya kabla ya kufika. Sauti hiyo tayari ipo. "Pisha mzigo!" husikika Mkunguni, Swahili na Tandamti kutwa nzima, na watu hupisha. Sheria ndogo za halmashauri zingeanzia kwenye desturi hiyo, kisha ziwabane wenye injini, ambao ndio wasioisikia sauti hiyo.

Nafasi nyingine ya kugawana ni saa. Mwaka 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa Kariakoo, na taa na kamera vimeongezwa kwa ajili hiyo. Fursa hiyo itumike kuhamishia usiku ushushaji wa kontena na fuso zote, asubuhi mitaa ya ndani iachiwe mikokoteni na waendao kwa miguu, na bodaboda ziwe na vituo kwenye kingo: Lumumba, Uhuru na Msimbazi. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nayo ibadilishe namna ya kupanga matengenezo. Shimo la upana wa kiganja, ambalo gari hulipita bila dereva kujua, linatosha kumkwamisha mvutaji mwenye marobota sita. Mashimo ya aina hiyo, na mifereji iliyopoteza mifuniko, yazibwe kabla ya kuweka lami mpya popote, kuanzia Mtaa wa Kongo.