Kushusha gari kwa springi fupi nyumbani: soma kabla hujashika spana

Springi fupi hushusha bodi ya gari na kupunguza kulala kwenye kona. Kuzifunga nyumbani inawezekana, ila springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kukuvunja mkono, au hata kukuua.

Anza na njia unayopita

Lami ya Dar–Lindi, kupitia Bungu, Kibiti na Ikwiriri hadi Daraja la Mkapa, haina shida sana na gari la chini. Shida ni matuta na njia za udongo za kuelekea deltani. Pia kumbuka mafuriko ya Rufiji ya 2024: gari likishuka, maji yanaifikia injini mapema zaidi.

Beba mizigo na abiria kama kawaida yako, kisha pima kwa futi kutoka chini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari. Toa milimita ambazo springi mpya itashusha. Ukiona kilichobaki hakivuki tuta la mtaani kwako, acha.

Vifaa

- Springi za modeli ya gari lako
- Jeki na stendi mbili imara
- Vibanio viwili vya springi, vizima
- Spana, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza
- Mafuta ya kulegeza kutu

Udongo wa Kibiti sehemu nyingi ni mchanga, na jeki huzama. Fanyia kazi kwenye sakafu ya zege. Gari linaloshinda karibu na bahari, mfano Nyamisati, huwa na nati zenye kutu: zipulizie mafuta tangu jana yake.

Mbele

1. Weka vizuizi matairi ya nyuma, legeza nati za tairi, piga jeki, kisha kalisha gari kwenye stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.
2. Toa tairi. Fungua linki, mpira wa breki na waya wa ABS vilivyoshikizwa kwenye shokapu. Usiache breki ining'inie kwa mpira wake.
3. Toa bolti za chini, halafu nati za pembeni zilizo juu, ndani ya boneti. Nati ya katikati usiiguse bado.
4. Shokapu ikishatoka, funga vibanio pande mbili zinazotazamana. Kaza kidogo huku, kidogo kule, mpaka springi ilegee kwenye vikalio vyake.
5. Sasa fungua nati ya katikati, uso ukiwa pembeni. Badilisha springi, hakikisha ncha yake imekaa kwenye kikalio, rudisha nati, ndipo ulegeze vibanio.

Nyuma

Gari ndogo nyingi, mfano Vitz, springi ya nyuma imekaa peke yake. Shikilia ekseli kwa jeki, fungua shokapu chini, shusha taratibu, springi itoke. Angalia mpira wa breki usivutike.

Ukimaliza

Bolti zenye bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Endesha polepole, kisha kagua tena nati zote. Peleka gari likapimwe alaimenti, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja. Taa za mbele nazo zirekebishwe.

Usikate springi

Kuna wanaokata springi kwa grinda au kuilegeza kwa moto wa gesi. Ni rahisi, lakini chuma kilichochomwa hupoteza ugumu wake, na springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio ukiruka shimo.

Huna vibanio? Toa shokapu mwenyewe, ipeleke gereji wakubadilishie springi tu. Sehemu ya hatari inafanywa na mwenye vifaa, na bado umeokoa pesa.