Kujitwalia mamlaka katika Unix
Kujitwalia mamlaka ni hila ya mtumiaji wa kawaida wa kompyuta kupata uwezo wa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Programu za barua na za ratiba huwavutia wadukuzi kwa kuwa mara nyingi hufanya kazi kwa uwezo huo.

Mwaka 1986, katika kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, Mjerumani Markus Hess alitumia movemail, programu ya kuhamisha barua, kupachika atrun bandia, programu ya ratiba, mahali pa ile halisi. Mfumo uliendesha atrun kila dakika 5. Ulipoiendesha ile bandia, ulimkabidhi Hess mamlaka yote.

Clifford Stoll, msimamizi wa kompyuta za maabara hiyo, alimgundua akifuatilia upungufu wa senti 75 katika hesabu za matumizi ya kompyuta.

Ili kupunguza hatari kama hiyo, Postfix, programu ya barua ya Wietse Venema (1998), iligawa kazi kwa programu ndogondogo, nyingi zisizo na uwezo wa root.