Uchachu wa Kila Nyumba

Mwaka 1613, mtawa wa Kihispania, Pedro de San Buenaventura, alichapisha kamusi ya Kitagalogi mjini Pila, katika kisiwa cha Luzon. Humo alilitaja pishi la wenyeji, akalipa jina la kwao Uhispania: adobo. Jina likawa la mgeni, chungu kikabaki cha mwenyewe. Hadi leo, atafutaye kitabu cha mapishi ya nyumbani ya Kifilipino hukabiliwa na swali lilo hilo: nani anayekisemea chungu?

Adobo si moja. Kuna ya siki, kitunguu saumu na pilipili manga. Kuna iliyoongezwa mchuzi wa soya, kiungo chenye asili ya Kichina. Na Bicol wako waitiao tui la nazi. Sinigang nayo, mchuzi wao mchachu, huku hukolezwa ukwaju, kule mbirimbi, kwingine mapera. Kila mlango na ufunguo wake. Kitabu kitoacho adobo moja na kudai kuwa ndiyo ya Ufilipino nzima kimeifunga milango mingi.

Kazi ya kuifungua ilianzwa zamani. Mwaka 1918, chini ya utawala wa Marekani, Pura Villanueva Kalaw alitoa *Condimentos Indígenas*, akayaandika kwa Kihispania mapishi ya kienyeji ambayo meza za wakubwa hazikuyatukuza. Maria Orosa, mwanakemia aliyetumikia vyakula vya nchi yake, aliuawa Februari 1945 katika vita vya Manila. Mapishi yake yalikusanywa kitabuni mwaka 1970. Laiti yasingeandikwa, yangezikwa naye. Nora Daza akafuata mwaka 1974 na *Galing-Galing*, kwa ajili ya majiko ya Marekani. Na mwaka 2006 Amy Besa na Romy Dorotan, katika *Memories of Philippine Kitchens*, wakaambatanisha mapishi na kumbukumbu za wapishi wenyewe.

Basi mchaguzi na aanzie kurasa za uchachu. Je, kitabu chataja pishi ni la mkoa gani na limetoka kwa nani? Chaeleza litiwe nini ukwaju ukikosekana? Chamwamuru mpishi aonje kabla ya kuongeza? Kijana wa Kifilipino aliyezaliwa ughaibuni, bibi yake akiwa amekwisha kufariki, hana mwingine wa kumwuliza. Kitabu kikinyamaza hapo, atapata chakula, lakini ladha ya kwao hataipata.