Herb Brooks

Herbert Paul Brooks (5 Agosti 1937 – 11 Agosti 2003) alikuwa mchezaji wa hoki ya barafuni wa Marekani, kisha kocha. Anakumbukwa zaidi kwa kuinoa timu ya vijana wa ridhaa iliyoifunga Umoja wa Kisovyeti katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1980.

Alizaliwa St. Paul, Minnesota, na mwaka 1955 alitwaa ubingwa wa jimbo akiwa na timu ya shule yake ya sekondari, Johnson, kabla ya kuchezea Chuo Kikuu cha Minnesota. Pigo lilimpata 1960. Timu ya taifa ilipochujwa kwa mara ya mwisho kuelekea Olimpiki ya Squaw Valley, jina lake liliondolewa, na wenzake wakarudi na dhahabu. Alicheza Olimpiki ya 1964 na ya 1968, asipate medali yoyote. Anayetaka kuelewa ukali wake wa baadaye aanzie hapo.

Mwaka 1972 alikabidhiwa timu ya chuo chake, akaipa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara tatu: 1974, 1976 na 1979. Kisha akaitwa kuandaa kikosi cha Olimpiki. Wachezaji wengi walitoka Minnesota na wanne Chuo Kikuu cha Boston, mahasimu wa miaka mingi. Brooks aliamua kuwa adui wa wote, ili waache kuchukiana wao kwa wao. Wa kuwabembeleza alikuwa msaidizi wake, Craig Patrick. Mjini Oslo, Septemba 1979, baada ya sare ya 3–3 na Norwei, hakuwaruhusu kutoka uwanjani. Aliwakimbiza kutoka mstari wa goli hadi kila mstari wa barafu na kurudi, tena na tena. Taa zikazimwa, wakaendelea gizani.

Alichanganya ubavu wa hoki ya Amerika Kaskazini na pasi na mbio za Wasovyeti, waliokuwa wametwaa dhahabu nne mfululizo. Tarehe 9 Februari 1980, mjini New York, Wasovyeti hao waliwachapa vijana wake 10–3. Walipokutana tena tarehe 22, katika Olimpiki yenyewe mjini Lake Placid, Mark Johnson wa Marekani alisawazisha ikiwa imebaki sekunde moja kipindi cha kwanza kumalizika, na kocha wa Wasovyeti, Viktor Tikhonov, akamtoa kipa wake mashuhuri, Vladislav Tretiak. Nahodha Mike Eruzione akafunga bao la ushindi, 4–3, zikiwa zimebaki dakika kumi. Wengi husahau kuwa dhahabu ilikuwa bado: ilipatikana siku mbili baadaye, kwa kuifunga Finlandi 4–2.

Katika ligi kuu ya kulipwa, NHL, alifundisha New York Rangers, Minnesota North Stars, New Jersey Devils na Pittsburgh Penguins, bila kombe. Uwezo wake halisi ulionekana kwenye timu za taifa. Aliiongoza Ufaransa katika Olimpiki ya 1998, na mwaka 2002 akaipeleka Marekani fainali, ikapata fedha baada ya kufungwa na Kanada 5–2.

Alifariki kwa ajali ya gari huko Minnesota, akiwa na miaka 66. Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Hoki mjini Toronto, katika kundi la wajenzi wa mchezo, si la wachezaji.