Mwisho wa reli: nani aliamua, nani alilipa

Meli ilifika Kigoma kwa treni. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikaungwa na kukaguliwa, halafu ikafunguliwa kipande kwa kipande na kupangwa ndani ya masanduku yapata 5,000. Masanduku hayo yalivuka bahari kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye mabehewa na kupita Morogoro, Dodoma, Tabora na mbuga za Malagarasi hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mafundi watatu wa karakana hiyo waliongozana nayo. Wakiwa na vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi, waliiunga upya Kigoma, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Ilikuwa na urefu wa mita 71, na ziwa lote halikuwa na chombo cha kufanana nayo.

Wajerumani waliipa jina la Graf von Götzen, gavana wao wa Afrika Mashariki mwaka 1901 hadi 1906. Ndiye aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa risasi na kwa njaa, mashamba yakachomwa na maghala yakateketezwa. Jina hilo halikuja kwa bahati mbaya, na kwa maoni yangu ndilo mlango mzuri wa kuingilia historia ya reli yetu. Tangu mwanzo, reli ya Kigoma na zana za vita zilisafiri pamoja kwenye hesabu za serikali, na aliyekuwa akilipa hakuwahi kukaribishwa kwenye kikao cha kuamua.

Kabla ya reli, mji uliojulikana duniani ulikuwa Ujiji. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858, wakakuta mji wa biashara wenye Waarabu, Waswahili, Wamanyema na Waha. Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitokea ng'ambo ya ziwa, ikapumzika Ujiji, kisha ikachukua njia ya Tabora kuelekea Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi msafara ukienda vizuri. Mizigo ilibebwa begani na kichwani, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo. Wahandisi wa Kijerumani walipotafuta pa kumalizia reli, waliona maji ya Ujiji ni ya kina kifupi na pwani yake iko wazi kwa mawimbi. Kilomita chache kaskazini kulikuwa na ghuba yenye kina, iliyokingwa na vilima. Ndiyo Kigoma. Kwa uamuzi huo mmoja mji wa kale ulibaki pembeni, na kijiji cha jirani kikawa mwisho wa reli.

Ubishi juu ya pesa ulifanyika Berlin. Mwaka 1904 iliundwa Kampuni ya Reli ya Afrika Mashariki ikiwa na mtaji wa marki milioni 21, nyuma yake yakiwa mabenki yaliyoongozwa na Deutsche Bank. Wenye mabenki hawakutaka kubahatisha, kwa hiyo serikali iliwahakikishia faida ya asilimia 3 kwa mwaka, treni ipate abiria au isipate. Ujenzi ulianza Dar es Salaam Februari 1905. Miezi mitano baadaye, Julai, Wamatumbi walianzisha vita kwa kung'oa pamba ya kulazimishwa. Reli iliendelea kusonga huku kusini kukiungua, na ikafika Morogoro Desemba 1907.

Bunge la Ujerumani wakati huo lilikuwa limegawanyika vibaya. Matthias Erzberger wa chama cha Kikatoliki cha Zentrum alianika kashfa za makoloni na mikataba ya kupendeleana. August Bebel na Wasoshalisti walihoji kwa nini mfanyakazi wa Kijerumani alipie vita vya Afrika. Desemba 1906 serikali iliomba nyongeza ya marki milioni 29 kwa ajili ya vita vya Namibia, wabunge wakagoma. Kansela Bülow akalivunja bunge. Katika uchaguzi wa Januari 1907 Wasoshalisti walianguka kutoka viti 81 hadi 43, na baada ya hapo maombi ya pesa za makoloni yalipita kwa wepesi zaidi.

Aliyeyasukuma maombi hayo ni Bernhard Dernburg, mtu wa benki aliyekabidhiwa idara ya makoloni mwaka 1906. Alikuja Afrika Mashariki mwenyewe mwaka 1907, akarudi na hoja kwamba koloni bila reli ni hasara. Wapenda biashara walisikia karanga, pamba na ngozi. Wanajeshi walisikia kingine: kikosi kinachotembea miezi kingefika kwa siku chache. Kila upande ulipata ulichotaka kusikia. Mwaka 1908 bunge likaidhinisha reli iende Tabora, na mwishoni mwa 1911 ikaidhinishwa kufika ziwani.

Jambo moja la sheria za 1908 halisemwi vya kutosha. Mikopo ya reli kuanzia wakati huo iliandikwa kwa jina la makoloni yenyewe, Ujerumani ikiwa mdhamini tu. Maana yake deni liliwekwa mgongoni mwa koloni, na koloni lilipata pesa zake kwa ushuru wa forodha na kodi ya nyumba iliyoanzishwa miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwenye kibanda Kasulu au Urambo, ambaye alikuwa hajaliona garimoshi, alikuwa tayari ni mlipaji wake. Halafu maelfu ya vijana wakaitwa kutandika mataruma na kumwaga vifusi kwa ujira mdogo.

Tarehe 1 Februari 1914 reli iligusa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Wakubwa wa koloni walipanga maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi Agosti kusherehekea. Agosti ikaleta Vita Kuu.

Kwenye ziwa mambo yalibadilika haraka. Meli ya Götzen, iliyokusudiwa kupokea abiria na mizigo ya reli, ikafungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg baada ya manowari hiyo kuangamizwa Rufiji Julai 1915. Upande wa Kongo, Wabelgiji nao walikuwa wamefikisha reli yao ziwani, mahali panapoitwa sasa Kalemie. Waingereza walileta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kutoka London kupitia Cape Town, zikaburutwa katika mapori ya Kongo. Zilikamata boti ya Kijerumani Kingani siku moja baada ya Krismasi ya 1915, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe haikukutana nazo vitani. Mzinga wake mkubwa ulihamishiwa nchi kavu, ndege za Wabelgiji zikaanza kudondosha mabomu Kigoma, na tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate. Mafundi walipaka injini grisi nene kwanza. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia mjini.

Hesabu ya Götzen kama manowari ni fupi. Ilifanya kazi ya vita kwa muda usiozidi mwaka na nusu, bila kushinda pambano lolote la kukumbukwa.

Hesabu ya pili ni ndefu. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiopoa Machi 1924 na kukuta injini bado nzima kwa sababu ya ile grisi. Mei 1927 ikaanza safari za kiraia kwa jina la Liemba, jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa. Kwa miaka 90 ilishuka kutoka Kigoma kwenda Karema, Kipili, Kasanga hadi Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi vya njiani havina gati, hivyo iliposimama mitumbwi iliizunguka, watu wakapanda na magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Mwaka 2015 ilitumwa Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, kuwachukua Warundi waliokimbia machafuko, maelfu kwa maelfu, ikawaleta Kigoma. Chombo kilichobeba mzinga ndicho kilichookoa watu hao.

Baada ya vita, uamuzi bado ulikuwa wa wengine. Mkataba wa 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, maarufu kama Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, daima dumu. Mwalimu Nyerere alipopata madaraka alikataa kufungwa na ahadi ya aina hiyo. Aliona nchi huru haiwezi kurithi neno ambalo haikulitamka.

Tulipopata bunge letu, je, tuliyajadili matumizi makubwa kuliko Berlin ilivyofanya? Mfano unaoniuma ni ule wa rada. Mwaka 2001 Tanzania ilikuwa ndiyo kwanza imefikia hatua ya kusamehewa madeni, na papo hapo ikakopa kununua rada ya kampuni ya Uingereza ya BAE kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema bei ni kubwa mno. Ubishi mkali ulikuwa London, ambako waziri Clare Short aliipinga serikali yake mwenyewe, na Tony Blair akaipitisha. Uchunguzi ulimalizika mwaka 2010 kwa BAE kukiri kosa la kutotunza vizuri hesabu zake, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Pesa hizo zilinunua vitabu na madawati. Yaani tulifundishwa bei halisi ya chombo chetu na mahakama ya nchi nyingine, karibu miaka kumi baada ya kukinunua.

Sasa ni zamu ya reli ya kisasa. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Mkataba wa Tabora–Kigoma, kilomita 506 pamoja na njia za kupishania, ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni za China kwa dola bilioni 2.2 hivi. Mwaka 2025 likawekwa jiwe la msingi la reli ya Uvinza hadi Musongati, Burundi, kwenye nikeli. Ukikaa mitaa ya Mwanga au Ujiji utasikia wasiwasi: mizigo yote itakata kona Uvinza, Kigoma ibaki kituo cha abiria.

Wasiwasi huo una msingi, ila nadhani unalenga pabaya. Ramani ya 1913 ilikuwa na akili moja ambayo ya leo inaweza kuikosa. Aliyeagiza reli aliagiza na meli, kwa sababu mteja mkubwa wa Kigoma hayuko Uvinza wala Kasulu, yuko ng'ambo. Kalemie, Uvira na Kongo ya mashariki hazifikiki kutoka Kigoma kwa mataruma bila kuvuka ziwa. Na hapo ndipo hesabu zetu zilipopwaya. Liemba iliegeshwa kwa miaka ikisubiri matengenezo, meli nyingine ya abiria, Mwongozo, nayo ikakaa, na biashara ya ziwa ikaachiwa maboti ya mbao ya mwalo wa Kibirizi, ambayo abiria wake hupanda kwa kumwomba Mungu. Reli ya mabilioni ikiishia kwenye gati lisilo na meli za kutosha, deni litalipwa na mtu yuleyule wa Kasulu na Urambo, mjukuu wa aliyetozwa kodi ya kibanda.

Wabunge wa mkoa wa Kigoma wana nafasi ambayo babu zao hawakuwa nayo Berlin. Fungu la reli linapoletwa Dodoma, wadai liambatane na fungu la meli na la gati, lenye tarehe za kukamilika. Wamuulize waziri shehena ya behewa la kwanza kutoka Tabora itapakiwa kwenye meli ipi, ya tani ngapi, na nani atalipia matengenezo yake mwaka wa kumi.